Dakika Zilizokosekana: Kisa cha Rekodi Moja ya Ngamiani

Jumatano moja ya masika, bibi mmoja wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, alinipokea mlangoni akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Hakungoja nimalize kuegesha baiskeli. “Hebu mtazame,” akasema. Kwenye paji la uso la mtoto palikuwa na uvimbe kama limau, na juu yake ngozi imechanika. Usiku kucha hakulala, alikuwa anajipiga.

Nilikuwa na karatasi mkobani iliyosema kinyume. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, mtoto aliyekuwa anajipiga mara 30 kwa kikao cha tiba alikuwa ameshafika mara 10. Kikao cha juzi yake idadi ilipanda tena, lakini mimi niliiona kuwa ni siku mbaya tu. Nikamjibu bibi kwa upole: “Bibi, siku mbaya zipo, ila kwa jumla anapungua. Rekodi inaonyesha.”

Bibi akanitazama kidogo. “Haya mwanangu. Kama karatasi yasema.”

Karatasi ile niliijaza mimi. Mama wa mtoto ameniruhusu kueleza yaliyotokea, nami nimeficha au kubadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtoto au nyumba yao. Ya kwangu sijabadilisha.

Mimi ni msaidizi wa tiba ya tabia katika kituo kidogo hapa Tanga. Watoto tunaowahudumia wengi wana usonji (autism), na vikao vingi hufanyika nyumbani kwao. Msaidizi hapangi tiba. Anayepanga ni msimamizi, ambaye kwetu yuko Dar es Salaam na huja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote anamwona mtoto kupitia kile ninachoandika. Bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya fani hii, BACB, ilipoanzisha ngazi ya wasaidizi mwaka 2014 iliweka sharti la mafunzo ya saa 40, na ndani yake kupima tabia na kuandika rekodi ni sehemu kubwa. Na mimi nilijifunza hayo. Tofauti kati ya kuhesabu matukio, kupima muda wa tukio na kurekodi kwa vipindi ningeweza kukueleza nikiwa usingizini. Nataka lieleweke hilo tangu mwanzo, kwa sababu kosa langu halikutokana na kutojua.

Mtoto ana miaka sita na hana maneno. Akitaka kitu hukuvuta mkono. Anapenda kulala kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, upepo unapopita, na hapo anaweza kukaa nusu saa akitazama kamba ya nguo ikipepea. Tabia tuliyoitwa kuishughulikia ni kujipiga kichwa kwa kiganja au ngumi.

Kabla ya kufanya chochote nilikaa vikao vitatu nikitazama na kuandika: nini kimetangulia, amefanya nini, nini kimefuata. Nilijizuia kuandika “amesumbua” au “amedeka”, maneno ambayo nyumba nzima iliyatumia na yasiyomweleza msimamizi chochote. Baada ya siku hizo tatu, picha ilijitokeza. Mara nyingi mtoto alijipiga pale alipokalishwa mezani na kupewa kazi, kama kupanga vitu kwa rangi au kuweka picha juu ya picha, na kila alipojipiga watu waliiondoa kazi wakambembeleza. Ngumi zake zilikuwa njia yake ya kusema “nimechoka”.

Msimamizi akapanga kumfundisha njia nyingine ya kusema hivyo. Tulitengeneza kadi yenye picha ya mkeka. Akiitoa kadi, kazi inaondolewa na anakwenda kupumzika. Tulianza na dakika 2 za kazi kabla ya kumpa nafasi ya kuitumia kadi, tukikusudia kuongeza dakika hizo kadiri kujipiga kunavyopungua. Yaani kila hatua ya mbele ilitegemea idadi niliyoiandika.

Kuhesabu nilihesabu kwa punje za mahindi. Punje 60 mfuko wa kulia. Akijipiga, punje moja inahamia kushoto bila mimi kushika kalamu. Ni njia nzuri, na bado naitumia. Vikao vitatu vya mwanzo vilitoa 31, 29 na 30, kila kimoja karibu saa mbili.

Kisha mvua zikaanza.

Anayejua Ngamiani wakati wa masika anajua zile barabara za namba zinavyogeuka madimbwi. Nilianza kuchelewa kufika. Siku nyingine nilifika kwa wakati, lakini wingu likitanda nikaondoka mapema ili mkoba usilowe. Kikao cha saa mbili kikawa cha saa moja na nusu, kikawa cha saa moja na robo, kikashuka hata chini ya saa moja. Punje nilizihesabu vilevile. Muda sikuuandika.

Swali la kwa nini sikuuandika lina jibu refu kuliko uvivu, na naona wenzangu wengi wa pwani watalitambua. Miezi michache kabla ya kisa hiki, karatasi zetu zilikuwa na nafasi ya saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mimi nilizoea kutazama simu mwanzoni mwa kikao, hivyo naandika 9:10. Mwishoni, nikiwa namuaga bibi, kichwa kimesharudi kwenye saa yetu ya Kiswahili, naandika 5:05, yaani saa tano na dakika tano asubuhi. Mwenzangu aliyekuwa anaingiza takwimu kwenye kompyuta akiandika 9:10 hadi 5:05, programu inamletea muda hasi. Akiandika 3:10 hadi 5:05, inakubali, lakini inadhani tumefanya kazi alfajiri. Alilalamika, tukacheka, tukaamua kuondoa nafasi hizo mbili na kuchapa mahali pake: “Muda wa kikao: saa 2.” Ilikuwa kweli wakati ule. Hakuna aliyefikiria kwamba tulikuwa tumeichapa dakika 120 kwa wino kabla mtoto hajakaa mezani.

Kwa hiyo mstari wa grafu ukaanza kushuka: 22, 19, 16, 14. Nilifurahi. Nilimwonyesha mama yake kwenye simu, naye akafurahi.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Vikao viwili vilivyofuata mvua ilinikuta njiani, punje na karatasi vikabaki mkobani vimefungwa kwa nailoni, nikasema nitajaza jioni. Jioni nikiwa nyumbani nikakumbuka kikao, nikatazama nambari zilizotangulia, nikaandika 12. Kikao cha pili nikaandika 10. Sikujiona ninadanganya. Niliamini ndivyo ilivyokuwa. Lakini nikiwa mkweli, sikukumbuka mapigo 12. Nilikumbuka kwamba anashuka, nikaandika nambari inayofuata kwenye mteremko.

Msimamizi alipoona 30 imekuwa 10, alifanya kile ambacho mtu makini angefanya. Aliongeza muda wa kazi kutoka dakika 2 hadi 5. Kikao cha kwanza chini ya mpango mpya kilitoa 24. Cha pili ndicho kile cha Jumatano, cha uvimbe. Siku hiyo sikuendelea na kazi za mezani. Tulimpeleka mtoto hospitali ya Bombo, akasafishwa jeraha, akarudi nyumbani na bandeji ambayo aliivua kabla hatujafika Barabara ya Kumi.

Usiku ule nilimpigia simu msimamizi. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kitaalamu kabisa: tabia iliyozoea kuleta matokeo, ikiacha kuyaleta, mara nyingine hupanda kwanza kabla ya kushuka. Kama mtoto kweli alikuwa ameshafika 10, basi 24 ingeweza kuwa mpando wa namna hiyo, na katika hali fulani shauri lingekuwa tuvumilie, tumlinde asiumie, tusirudi nyuma. Alikaribia kusema hivyo. Nikikumbuka dakika ile natetemeka, kwa sababu ningemtii.

Badala yake akauliza: “Kikao cha 24 kilichukua dakika ngapi, mdogo wangu?”

Sikuweza kumjibu. Akauliza cha kabla yake. Sikuweza. Pakawa na kimya kirefu, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Tafuta chochote chenye saa.”

Chenye saa kilikuwepo. Mama wa mtoto hushinda sokoni, na tangu mwanzo tulikubaliana nimtumie ujumbe nikifika na nikiondoka. “Nimefika mama.” “Nimeondoka, yupo na bibi.” Simu ilikuwa imeweka saa juu ya kila ujumbe. Nilikaa sakafuni na kalamu nikaandika upya. Kikao cha 22 kilikuwa dakika 85. Cha 19, dakika 75. Cha 16, dakika 65. Cha 14, dakika 55. Nikagawanya ili nipate idadi kwa saa: 15.5, 15.2, 14.8, 15.3. Nikarudi kwa vile vya mwanzo, ambavyo vilikuwa 31 kwa dakika 120, 29 kwa dakika 115, 30 kwa dakika 120. Jibu: 15.5, 15.1, 15.

Mtoto hakuwa amepungua hata kidogo. Kilichopungua ni muda niliokaa naye.

Mwaka 1968, Baer, Wolf na Risley, walioweka misingi ya uchambuzi wa tabia kama tunavyoutumia, waliuliza swali ambalo nililisoma zamani nikalipita haraka: rekodi ikionyesha kuwa tabia imebadilika, ni tabia ya nani iliyobadilika? Huenda ni ya yule anayerekodi. Nililikumbuka nikiwa pale sakafuni.

Vile vikao viwili vya kujaza jioni vilinipa kishawishi cha mwisho. Ujumbe wa simu ulionyesha dakika 60 na dakika 50. Ukigawanya 12 na 10 kwa muda huo, kila kimoja kinatoka 12 kwa saa. Ningeweza kusema, basi, angalau mwishoni alishuka kutoka 15. Ni nambari inayofariji na imekaa vizuri. Lakini muda ulikuwa wa simu na idadi ilikuwa ya kichwa changu, na ukigawanya kitu cha kubuni kwa kitu cha kweli hupati kitu cha kweli. Tuliviondoa vyote viwili kwenye grafu. Tukaacha nafasi tupu, na mstari hatukuuunganisha juu yake.

Karatasi zenyewe hatukuzitupa wala kuzifuta kwa rangi nyeupe. Kila kosa lilipigwa mstari mmoja, ili lililoandikwa mwanzo lisomeke, na pembeni nikaandika sahihisho, chanzo chake (“ujumbe wa simu”), tarehe ya kusahihisha na saini yangu. Kwenye zile mbili niliandika: “Idadi haikurekodiwa wakati wa kikao.” Mkono ulikuwa mzito kuandika sentensi hiyo fupi.

Nilidhani hapo tumefika chini ya tatizo. Hatukuwa tumefika. Msimamizi alimtuma mwenzangu akae nami kikao kimoja, tuhesabu wawili kwa dakika 20 bila kutazamana. Mimi nilipata 9, yeye 14. Kipimo cha makubaliano ni rahisi: idadi ndogo gawanya kwa kubwa, zidisha kwa 100. Tulipata 64, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 80. Tulipokaa kuzungumza, sababu ilionekana mara moja. Mtoto hujipiga mara nyingine mapigo mawili matatu ya haraka. Mwenzangu alihesabu kila pigo. Mimi, bila kukusudia, nilikuwa nimeanza kuyahesabu yote kuwa tukio moja, na siwezi kusema nilianza lini. Macho yanahama taratibu hivyo, ukizoea. Maana yake hata ile 15 kwa saa niliyoiokoa kwenye ujumbe wa simu ilikuwa ya wasiwasi. Huenda katika wiki zile kujipiga kulikuwa kunapanda.

Tuliandika maana upya, kwa maneno ambayo hata bibi angeweza kuhesabu nayo: kila mara kiganja au ngumi inapogusa kichwa kwa nguvu ya kusikika, ni tukio moja, hata mapigo yakifuatana. Kupangusa jasho si tukio. Kujishika sikio si tukio. Tukahesabu tena kwa dakika 20, mimi 12, mwenzangu 13, asilimia 92. Tena tuligawa zile dakika 20 katika vipande vya dakika tano na kulinganisha kipande kwa kipande, maana watu wawili wanaweza kufika jumla moja huku mmoja ameona mapigo ambayo mwenzake hakuyaona.

Maana ikibadilika, kipimo cha zamani hakilinganishwi na kipya. Tulipiga mstari wa wima kwenye grafu tukaanza upya kabisa, vikao vitatu bila kubadili chochote kwa mtoto isipokuwa kuirudisha kazi kuwa ya dakika 2: 41 kwa dakika 115, 38 kwa dakika 110, 42 kwa dakika 120. Karibu 21 kwa saa. Wiki zilizotangulia zilikuwa zimepotea.

Na hazikuwa zangu peke yangu. Nilikwenda kumwona mama jioni, amerudi sokoni, msimamizi akiwa kwenye simu. Nilimwamkia bibi, nikaomba tukae. Nikawaambia kwamba idadi niliyowaonyesha haikuwa sahihi, kwa nini haikuwa sahihi, na kwamba mabadiliko yaliyofuata yalitegemea makosa hayo. Niliwaambia pia la fedha. Mama alikuwa analipia saa mbili kwa kikao, na katika vile vikao sita vya kabla ya mabadiliko pekee palikosekana dakika 330, saa tano na nusu. Kituo kilikubali kumfidia kwa vikao bila malipo. Mama hakuuliza habari ya fedha. Alisema: “Mwalimu, mimi niliwaambia ndugu zangu anapata nafuu. Nilimpigia mpaka baba yake.” Kisha akanyanyuka kwenda kutazama chungu jikoni, akakaa huko muda.

Bibi ndiye aliyebaki. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya mlangoni. Aliniambia kwamba hata yeye alianza kudhani macho yake yamezeeka.

Sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya. Bibi alikuwa anamtazama mtoto saa ishirini na nne. Alichokiona kilikuwa sahihi, na karatasi yangu ikamfanya akitilie shaka. Sasa kwenye karatasi yetu kuna mstari wa kuandika alichosema mtu wa nyumbani kuhusu usiku uliopita, kwa maneno yake, hata kama hayalingani na idadi. Hasa kama hayalingani.

Nafasi za saa zimerudi. Tumekubaliana kuandika kwa saa ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo iliyo kichwani mwetu, na kila saa lazima ifuatwe na “asubuhi” au “mchana”. Dakika za kikao zinahesabiwa palepale kwa mkono, na kompyuta inapewa dakika tu. Karatasi inajazwa kabla sijapanda baiskeli. Nikishindwa, inabaki tupu na sababu inaandikwa.

Tuligundua pia, katika kupekua, kwamba picha za karatasi tulikuwa tunazituma kwenye kundi la WhatsApp zikiwa na jina kamili la mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, na inataka taarifa zinazotunzwa ziwe sahihi. Sisi tulikuwa tumekosea kwa pande zote mbili. Sasa mtoto ana namba, na picha inakwenda kwa msimamizi peke yake.

Kuhusu mtoto mwenyewe. Kazi tumeishusha hadi dakika 1, na kadi ya mkeka iko mahali ambapo mkono wake unafika bila kunyoosha mwili. Wiki ya tatu alijipiga mara 35 kwa dakika 105, yaani 20 kwa saa, kisha 33 kwa dakika 110, yaani 18. Jeraha limepona, limeacha alama ndogo.

Kikao cha mwisho kabla sijaandika haya, mvua ilituanza tukiwa katikati, na sauti yake juu ya mabati ikampeleka mtoto moja kwa moja kwenye mkeka wake. Niliandika: “Saa 3:20 asubuhi hadi 4:05 asubuhi. Dakika 45. Matukio 13. Kadi: ameitoa mwenyewe mara 4, amesaidiwa mara 2. Bibi anasema usiku alilala mpaka alfajiri. Kikao kimekatizwa, mtoto amelala.”

Msimamizi alijibu mchana: “17 kwa saa, lakini kikao ni kifupi. Tusibadilishe kitu bado.”